Tembo Walikula Ekari Tatu, Nikalipwa Mbili

Kamwene wanyalukolo.

Juzi dada mmoja wa Mbarali kaniandikia: "Kaka, tembo wamelala shambani kwangu. Wewe kifuta jasho ulikipataje?" Kifuta jasho ni hela ya serikali kwa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, nikajibiwa vibaya.

Shamba langu liko upande wa Idodi, kama kilomita tatu kutoka mpaka wa Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2021 mahindi yalikuwa yamebeba, ndevu zinaanza kukauka. Tulikesha na madebe na tochi, mbwa wakabweka hadi sauti zikakauka. Kulipokucha mabua yamelala chini, na vinyesi vikubwa kama sufuria. Jirani akanishauri niokoe kilichobaki, serikali haina haraka. Nikavuna gunia moja na nusu, nikawafungulia ng'ombe wamalizie mabua. Afisa wanyamapori alipofika siku ya nne, alikuta shamba jeupe na kinyesi cha ng'ombe juu ya cha tembo. "Mzee, hapa amekula nani?" Sikuambulia hata shilingi. Mke wangu hakunisemesha siku mbili, na haki alikuwa nayo.

Msimu uliofuata walirudi. Safari hii sikugusa bua. Alfajiri nilikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji, saa mbili kwa mtendaji, na simuni nina picha za nyayo, kiatu changu kando yake. Ushauri wangu ndio huo: ripoti siku hiyohiyo, shamba usiliguse. Narudia, usiliguse, hata watoto wakilia njaa ya mahindi ya kuchoma.

Jambo la pili lilinitoa machozi. Afisa alipima kwa hatua, mimi nikaenda kumfuatia chai. Niliporudi, ekari zangu tatu zilikuwa mbili kwenye fomu, na wino umekauka. Kwa hiyo tembea naye, chai ataikuta.

Hesabu zenyewe ni hizi. Kanuni za kifuta jasho za 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5. Chini ya mita 500, hukupata kitu. Kwangu ikawa 50,000 kwa ekari, na nikasubiri mwaka na miezi kadhaa. Ikaingia laki moja. Mfuko mmoja wa mbolea ya DAP ya ruzuku nilikuwa nimeununua 70,000. Ndiyo maana haikuitwa fidia, maana jasho langu lile leso hiyo haikulifikia hata shingoni. Ulizia viwango vya sasa kabla hujapanga matumizi. Na wewe dada wa Mbarali, mpaka wa Ruaha ulisogea 2008 Pori la Akiba la Usangu lilipoingizwa hifadhini, basi uliza umbali wako unapimwa kutoka wapi.

Nilijivuna, nikiri. Niliionyesha meseji ya malipo kilabuni hadi wakanichoka. Lakini vijana, mnalalaje kwenye pombe ya ulanzi wakati baba zenu wanapiga madebe peke yao? Kamba ya kufukuzia tembo, yenye vitambaa vya pilipili na oili chafu, haihitaji shahada. Fungeni! Kesheni! Mkiliwa, ripotini siku hiyohiyo.

Ile ekari ya tatu bado naiulizia. Siku hizi mtendaji akiniona kwa mbali, hukumbuka ana mgonjwa upande wa pili wa kijiji.