Mwandishi wa watoto anaweza kubaki Kisumu

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama mtu anaweza kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto akiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru, bila kuhamia Nairobi. Anaweza. Asenath Bole Odaga alifanya hivyo, na anayetaka kuanza leo afuate nyayo zake.

Alizaliwa Rarieda mwaka 1937 na kufariki 2014. Alianza kama mwalimu. Vitabu vyake vya kwanza vya watoto, vikiwemo Jande's Ambition na The Secret of Monkey Rock, vilitoka 1966, uhuru ukiwa bado mchanga, wakati vitabu vingi mikononi mwa mtoto wa shule vilisimulia maisha ya Uingereza. Baadaye alirudi darasani: shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Nairobi 1974, ya uzamili 1981, akichunguza namna ngano za Kijaluo, sigendini, zinavyomlea na kumfunza mtoto. Mkusanyiko wake wa hadithi, Thu Tinda!, ulitoka 1980. Jina hilo ni maneno ya kufungia hadithi kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, kama vile "chon gi lala" yalivyo ya kuifungulia. Mwaka 1982 akaanzisha Lake Publishers and Enterprises mjini Kisumu, kisha akawa na duka la vitabu. Alitoa pia vitabu vya kuwasaidia walimu kufundisha fasihi simulizi, na kamusi ya Dholuo.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba alishika kazi nzima, tangu hadithi inapotoka mdomoni mwa mzee hadi inapofika mkononi mwa mtoto. Alikusanya, akaandika, akachapisha, akauza. Kitabu cha mtoto hufia njiani, mahali ambapo kazi moja inakabidhiwa kwa nyingine, na waandishi wetu wengi wana vipawa lakini huachia hapo. Basi nieleze kazi hizo zinapoharibika.

Kukusanya kwanza. Simu inatosha, mradi iwe karibu na msimulizi na redio izimwe. Tenga muda wa kunakili: saa moja ya sauti hula saa tano au sita za kuandika. Andika alichosema kwanza, usianze kurekebisha. Ngano ni mali ya jamii, na tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa na sanaa za jadi. Maneno uliyoyapanga wewe ndiyo yenye hakimiliki yako. Omba ruhusa, na uandike kitabuni hadithi ilitoka kwa watu wa wapi.

Sasa kuandika, na hapa sitaki kwenda haraka. Chukua hadithi ya Nyamgondho wuod Ombare, ambayo Odaga naye aliiandika. Mvuvi maskini wa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, anavua mwanamke mzee kutoka ziwani, anampeleka nyumbani, mali inamiminika, mifugo inajaa boma. Kisha anakuwa mlevi, anamtukana, mwanamke anaondoka na mifugo yote inamfuata kurudi ziwani. Msimulizi akiwa mbele yako anaweza kuimaliza kwa dakika 20. Kitabu cha gredi ya 2 au 3 kina nafasi ya maneno 300 hadi 400 tu.

Kitabu cha kurasa 24 kinagawanywa hivi: ukurasa wa 1 jina, wa 2 hakimiliki na ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, wa 3 picha ya kufungulia, kisha kutoka 4 hadi 23 unapata jozi kumi za kurasa zinazotazamana, na wa 24 ni wa maneno magumu au maswali. Jozi kumi ni matukio kumi, kila moja maneno 30 hadi 40. Makosa ya mwanzo ni kutumia jozi nne kueleza umaskini wa Nyamgondho, halafu ng'ombe wanaondoka kwa sentensi moja. Geuza mizani: umaskini jozi moja, kuondoka kwa ng'ombe jozi mbili, maana hapo ndipo mtoto anapotaka kukaa.

Kufunua ukurasa ni sehemu ya hadithi. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa kulia useme wavu umekuwa mzito, anavuta, haujawahi kuwa mzito hivi. Mtoto afunue ndipo amwone yule mwanamke. Ukimchora kwenye ukurasa huohuo wenye wavu, umeshamaliza mshangao kabla hajasoma.

Ngano zetu nyingi zina wimbo, na wimbo huo hupotea kitabuni kwa sababu mwandishi anauweka mara moja tu. Urudie mara tatu, kwa maneno yaleyale, mahali palepale pa ukurasa. Mara ya tatu hata mtoto ambaye hajajua kusoma atauimba kwa kuuona.

Herufi ziwe pointi 18 hadi 20, na chagua aina ya herufi ambayo "a" yake inafanana na ile anayofundishwa kuandika. Kwa Dholuo, Lubukusu au Kiswahili, angalia ng'. Programu ya kompyuta hugeuza ile alama ya juu, mahali pengine, kuwa ya nukuu iliyopinda, kisha nusu ya kitabu inakuwa na alama moja na nusu nyingine alama tofauti. Zibadilishe zote kwa pamoja kabla kurasa hazijapangwa. Zima pia kisahihishi cha tahajia. Na kwa kuwa maandishi ya Dholuo hayaonyeshi kiimbo, neno kama kendo linaweza kuwa mafiga au kuoa. Picha au sentensi iliyo jirani imsaidie msomaji. Kabla ya kumpa mchoraji mswada, wape watoto watano wausome kwa sauti, ukae kimya, utie alama kila wanapokwama. Wakikwama watatu mahali pamoja, kosa ni la sentensi.

Mchoraji mpe picha za kutazama. Asipopewa, atachora ng'ombe wa maziwa wenye mabaka meusi na meupe, wasio na nundu, na boma la Nyamgondho litafanana na shamba la kisasa. Mtoto wa Mbita au Nyandiwa anawajua ng'ombe wa kwao, na ataacha kukiamini kitabu hapo hapo. Mkataba wa mchoraji uandikwe: analipwa mara moja au kwa mrabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa, na nani anamiliki michoro ile ya asili.

Kiwandani mambo ni ya hesabu. Karatasi moja ya A3 ikichapwa pande zote mbili inatoa kurasa nane za A5, kwa hiyo kurasa 24 ni karatasi tatu kamili. Kitabu cha pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne; ukija na 26 utalipia 28. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, zivuke ukingo wa ukurasa kwa milimita 3, na maandishi yakae angalau milimita 10 ndani, vinginevyo kisu kitakata maneno. Uzi wa karatasi, yaani mwelekeo wa nyuzi zake, ulale sambamba na mgongo wa kitabu. Ukilala kinyume, kava hupasuka kwenye mkunjo. Kava iliyopakwa plastiki upande mmoja tu hujikunja kwa unyevu, na karibu na ziwa utaliona jambo hilo mapema, basi agiza kava nene, gramu 250 au zaidi. Nakala zako zikiwa chini ya 500, mashine ya dijitali kwa kawaida ni nafuu. Zikifika 1,000, gharama ya sahani za ofseti, mashine kubwa inayochapa kwa sahani za chuma, huanza kurudi. Dai nakala moja ya mfano iliyokwisha kufungwa na uikague ukurasa kwa ukurasa kabla ya zilizobaki kuchapwa.

ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya. Ukitaka kitabu kiingie katika orodha ya vitabu vya shule, kitapitia tathmini ya KICD, taasisi ya kitaifa ya ukuzaji mitaala.

Pesa. Mrabaha wa kawaida ni asilimia 10, lakini soma ni asilimia 10 ya nini. Kitabu cha shilingi 250 kikikupa asilimia 10 ya bei ya dukani, unapata shilingi 25. Ikiwa ni ya mapato ya mchapishaji, na duka lilipewa punguzo la asilimia 35, mchapishaji amepokea 162.50 na wewe unapata 16.25. Ukijichapishia, hilo punguzo la duka ni lako kulibeba, basi liingize kwenye bei tangu mwanzo.

Kuuza ndiko kunakowashinda wengi, na ndiko ninakomheshimu Odaga zaidi kwa kufungua duka. Tangu serikali ianze kununua vitabu vya kiada na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, maduka ya miji yetu yamepoteza mauzo yaliyokuwa yakiyaweka hai, na yanaogopa kununua kitabu cha hadithi kwa fedha taslimu. Watakupokea kwa mali kauli, yaani wakulipe kitabu kikiuzwa. Kubali, lakini acha nakala tano tano, andikiana risiti yenye idadi na tarehe, na urudi kila baada ya siku 30 kuhesabu. Nakala 50 zilizoachwa duka moja huchakaa rafuni kisha hurudishwa kwako. Peleka nyingine kwa walimu wa gredi za chini wiki ya kwanza ya muhula wa Januari, na nyingine katika maktaba za Kisumu, Kakamega na Nakuru. Usiuze nakala kumi za mwisho: zifunge kwa nailoni, ziweke mahali pakavu, kwa sababu chapa ya pili itahitaji nakala safi ya kulinganishia rangi.