Mvuvi anashiriki Meza ya Bwana, mimi natoka nje

*Shangazi, hujambo? Mimi ni mjane mwenye watoto watatu, nauza omena, yaani dagaa, sokoni Kibuye hapa Kisumu. Mume wangu alipofariki niliingia kwenye jaboya, yaani mvuvi hakuuzii samaki mpaka ulale naye. Nimeshaacha, siku hizi nanunua kwa mashua ya akina mama wenzangu. Lakini pasta wetu anahubiri kwamba Mungu ni mtakatifu, macho yake hayawezi kuangalia uovu, na anayekula Meza ya Bwana isivyostahili anajilia hukumu. Basi mkate ukianza kupitishwa natoka nje nikijifanya napokea simu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule mvuvi ni mzee wa kanisa. Anaketi mbele, anashiriki, na najua bado anawafanyia hivyo wasichana wapya ufuoni. Je, Mungu mtakatifu anamtaka mtu kama mimi karibu naye? Na huyo mzee, kwani hamwoni?*
*Mama Omena, Kisumu*

Sijambo, mama. Pole kwa kufiwa, na pole kwa Jumapili zote ulizokaa nje ya mlango.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nabii Habakuki aliliuliza kabla yako. Maneno ya macho safi yasiyoweza kuangalia uovu yako Habakuki 1:13, na wahubiri wengi huukata mstari huo katikati. Usome mpaka mwisho. Nabii anaendelea kumuuliza Mungu: mbona basi unawatazama watendao hila, na unanyamaza mtu mwovu anapommeza aliye na haki kuliko yeye? Hayo ni malalamiko ya mtu aliyeona dhuluma kwa macho yake, akamwendea Mungu na kumdai jibu kwa sababu Mungu ni mtakatifu. Hayakuandikwa ili kumfukuza mjane kanisani. Na jibu likaja. Katika sura ya pili Mungu anataja wenye ole mmoja baada ya mwingine, na kati yao yumo anayemnywesha jirani yake kileo ili apate kuutazama uchi wake. Anayetumia udhaifu wa mwenzake kuupata mwili wake ametajwa humo, mama. Mungu amemwona.

Sasa hiyo hukumu ya Meza. Fungua 1 Wakorintho 11 uanzie mstari wa 20, usianzie wa 27. Kule Korintho wenye chakula walikuwa wanatangulia kula na kulewa huku maskini wakikaa na njaa, na Paulo anawauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Hao ndio aliowaonya kwanza kuhusu kula isivyostahili. Kisha anasema mtu ajihoji nafsi yake, na hivyo aule mkate. Anayejihoji anaelekezwa mezani. Wewe umejihoji mpaka usingizi umepotea, halafu unatoka nje. Mzee wako aliyeishika njaa ya watoto wa mjane mkononi mwake, akaifanya bei ya samaki, ndiye anayepaswa kutetemeka akiuona mkate ule.

Sisemi haya ili kuupunguza utakatifu wa Mungu. Ningekudanganya. Katika Isaya 6, mwaka aliokufa mfalme Uzia, hata maserafi wanaomzunguka Mungu wanafunika nyuso zao kwa mabawa, na hakuna mahali tunaposoma kwamba wana dhambi. Misingi ya malango inatikisika, nyumba inajaa moshi, na Isaya analia, "Ole wangu!" kwa sababu midomo yake ni michafu. Kwa hiyo hofu yako si ujinga. Ni hofu ya mtu aliyeelewa yuko mbele ya nani.

Lakini angalia kinachofuata. Isaya haambiwi atoke akajisafishe kwanza, arudi akiwa safi. Serafi anachukua kaa la moto kwa koleo kutoka madhabahuni, anarukia kwake, analigusisha midomo yake na kumwambia uovu wake umeondolewa. Moto umetoka upande wa Mungu. Kwa Yesu ni vilevile. Anamgusa mwenye ukoma katika Marko 1, na ukoma ndio unaoondoka. Katika Marko 5 mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, ambaye kwa sheria ya Walawi 15 alikuwa najisi, anayagusa mavazi ya Yesu kwa siri katikati ya umati. Yesu hanajisiki. Nguvu zinamtoka, mwanamke anapona, na mbele ya watu wote anaitwa binti.

Na Petro je? Huyo alikuwa mtu wa nyavu, utamwelewa. Katika Luka 5, baada ya usiku mzima bila kitu na kisha samaki hadi nyavu zikaanza kukatika, alianguka magotini pa Yesu akisema, ondoka kwangu, mimi ni mtu mwenye dhambi. Yesu hakuondoka. Alimwambia asiogope, akampa kazi.

Wewe unaiita jaboya dhambi yako, nami sitabishana na dhamiri yako. Umeungama, umeacha. Ila mzigo wenu hauwi sawa, wako na wa mzee yule. Inanikera sana kusikia utakatifu ukihubiriwa kana kwamba ni habari ya wanawake na vitanda vyao tu. Walawi 19 inaanza kwa kusema muwe watakatifu kwa kuwa Mungu ni mtakatifu, kisha inashuka hadi kazini: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, masazo ya mavuno waachiwe maskini na mgeni, mizani iwe ya haki, kipimo kiwe cha haki. Gorogoro yako, hilo kopo lako la kupimia omena, isiyobonyezwa chini imo katika sura hiyo. Samaki wa mzee na masharti yake wamo pia.

Kwa hiyo Jumapili ya Meza ijayo, zima simu ukae. Mkate ukifika, pokea. Huna haja ya kusimulia maisha yako mbele ya kusanyiko. Ikiwa tangu wakati ule hujapimwa, nenda zahanati wiki hii, na upime kila kitu. Na usiiache mashua ya wenzako. Akina mama wa ufuo wa Nduru, katika kaunti yetu hii, walianza mwaka 2011 kumiliki mashua ili kuikwepa jaboya, na ninajua ni njia ngumu, maana mwaka 2020 ziwa lilifurika na kuwahamisha.

Kuhusu mzee, nenda kwa pasta, lakini usiende peke yako. Chukua mama mmoja au wawili mnaoaminiana, ikiwezekana wanaojua mambo ya ufuoni. Semeni mnachokijua, bila uvumi. Pasta akisita, nendeni kwa wakuu wake. Na kama kati ya wasichana hao yupo aliye chini ya miaka 18, au aliyelazimishwa, msingoje kikao cha kanisa. Hilo ni la polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, na msichana apelekwe hospitali siku hiyohiyo.