Mavyaa Nampa Haki

*Shangazi, naishi Shela, Lamu, nina watoto wawili: wa miaka mitano na wa mwaka na nusu, bado ananyonya. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni wanaokuja kwa yoga, na tangu mwaka jana nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Wanangu nawalea vivyo hivyo: viazi, chapati, matunda, chai ya rangi. Mume ameridhia. Lakini kila Ijumaa akiwapeleka kwa mamake Langoni, mavyaa huwalisha samaki kwa siri. Mkubwa amekonda kidogo na siku hizi anakula udongo, ila ni mchangamfu. Huyu mama nimkomeshe vipi?*

Mwanangu, pole. Hakuna mama anayependa kuzungukwa katika malezi ya wanawe. Pole yangu inaishia hapo.

Udongo umeutaja kwa nusu mstari, kisha ukakimbilia mavyaa. Mimi nimebaki kwenye udongo. Mtoto anayeutafuna huenda damu yake imepungua kwa kukosa madini ya chuma, na kwenye udongo huo huweza kuwamo mayai ya minyoo. Mpeleke kliniki wiki hii apimwe, kabla hujanuniana na mtu.

Na eti mume ameridhia! Aliyeridhia hawafungishi wanawe safari kila Ijumaa wakale kwa bibi yao. Amechoka kubishana, akanyamaza. Ndiyo ndoa za siku hizi: harusi hupangwa miezi sita, ukumbi, kadi, wapiga picha, lakini chungu hakizungumzwi hata usiku mmoja. Kila mtu huja na lake aliloliona kwenye simu au kazini, na kimya cha mwenzake akakihesabu kuwa ndiyo.

Sikulaumu kwa kuacha nyama. Mombasa wako Wahindi ambao nyama wala samaki havijawahi kuingia nyumbani mwao, na watoto wanakua vizuri. Lakini wana maziwa, mtindi, samli na dengu. Wewe umefagia vyote kwa mkupuo mmoja ukabakisha wanga. Hata hiyo chai, ikinywewa pamoja na chakula, huuzuia mwili kufyonza chuma. Vitamini B12 nayo huipati kwenye mchicha wala kunde; iko kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, la sivyo ni vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Huyo anayenyonya hupata ulicho nacho wewe. Ukipungukiwa, anapungukiwa, na B12 ikikosekana huumia ubongo na mishipa ya fahamu. Kliniki mpimwe nyote watatu.

Wageni wako wakirudi kwao wana maziwa ya soya yaliyotiwa vitamini, na vidonge juu yake. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Rudisha maziwa na mayai leo. Pika mbaazi za nazi, pojo, kunde ulizoloweka usiku kucha. Uji utie simsim iliyosagwa, mchicha ukamulie ndimu, kwani ukali ule huisaidia chuma kuingia mwilini.

Mavyaa nampa haki. Amemwona mjukuu amekonda, akampakulia samaki wa kupaka. Bibi gani angefanya vingine? Kosa lake ni ile siri tu, na siri hiyo umeizaa wewe kwa ukali wako. Samaki wa Ijumaa mwachie.

Ijumaa hii nenda nao mwenyewe Langoni. Mwamkie kwa adabu, umwombe akufundishe mbaazi zake. Na akikuuliza majibu ya damu ya mjukuu wake, uwe unayo mkononi.