Jibu: Perege akiwa kwenye ndoo nyeupe anapauka, rangi inaenda wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini perege wako ukimweka kwenye ndoo nyeupe anapauka, ukimrudisha bwawani anakuwa mweusi tena. Mdau mmoja hapo juu kasema seli zinasinyaa. Hapana. Seli inabaki na umbo lake, kinachohama ni rangi iliyomo ndani.

Mimi huandaa vitendo vya baiolojia shuleni, na hiki nakipenda kuliko vyote. Chomoa gamba, liweke kwenye slaidi na tone la maji ya chumvi, uangalie kwa hadubini. Utaona madoa meusi yenye matawi matawi. Hizo ndizo melanofora, yaani seli zinazobeba rangi nyeusi. Sasa dondoshea kloridi ya potasiamu. Ncha za neva zilizobaki kwenye gamba zinamwaga noradrenalini (kemikali ya kupeleka ujumbe wa neva), na ndani ya dakika chache weusi wote unajikusanya katikati hadi kubaki nukta. Punguza mwanga, kaza macho: matawi yapo palepale, ila matupu.

Kazi hiyo ni ya kiunzi cha seli, yaani mtandao wa protini ndani ya seli. Mikrotubuli, yaani mirija myembamba ya protini, imetoka katikati kwenda pembezoni kama spoku za baiskeli. Chembe za melanini, yaani ile rangi nyeusi, hubebwa juu yake na protini zinazofanya kazi kama injini: dainini inazivuta ndani, kinesini inazipeleka nje. Noradrenalini hushusha AMP ya mzunguko (molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli), dainini ikashinda. AMP ikipanda, zamu ni ya kinesini. Wengi huishia hapo na kuisahau aktini, protini nyingine ya kiunzi iliyo kama nyuzi. Miosini, nayo protini ya aina ya injini, hutumia nyuzi za aktini kutandaza chembe sawasawa. Zikivunjwa, kinesini inarundika rangi yote ukingoni.

Lililonishangaza zaidi ni jaribio la McNiven, Wang na Porter la mwaka 1984. Walikata tawi la melanofora ya samaki malaika likabaki peke yake, halina kiini cha seli. Baada ya saa chache mirija ilikuwa imejipanga upya, na rangi ikawa inakusanyika katikati ya kipande chenyewe!

Kwa hiyo ndoo ya siku moja isikutie wasiwasi. Tangi jeupe kwa wiki kadhaa ni habari nyingine: hapo melanofora zenyewe hupungua idadi, na hata ukimrudisha bwawani weusi utachelewa kurudi.