Tundu ya musumari mu mabati njo ilinifundishaka mwanga

Juzi binti moja wa mwaka ya tano sekondere ameniandikia: "Yaya, optiki, ile fizike ya mwanga, itaniangusha, nimepata 4 kwa 20, nipatie mbinu." Akatuma na foto ya kopi yake, wino nyekundu mpaka mu pembe. Dada yangu, iyo 4 yako mi naiona kubwa. Yangu ilikuwaka 2, na ile 2 ilikujaka na jina juu yake.

Mi nilisomaka Mathi-Fizike hapa Goma, shule gani sitataja. Siku moja prof ananisimamisha ku ubao, anaweka kitabu juu ya meza, ananiuliza: "Iki kitabu unakiona namna gani?" Nikajibu mbio, bila hata kufikiria: prof, macho inatuma mwanga mpaka kwa kitabu. Weee! Darasa yote ikalipuka, na yeye njo wa kwanza kucheka, iyo njo inanichomaka mpaka leo, hakungoja hata batoto banze. Akasema, "Kumbe weye uko torshi, kurani ya umeme ikikatika tutakuita." Kuanzia pale jina yangu ikakuwa Torshi. Kuna batu huku kwetu kartie Ndosho bananiitaka ivyo na hata habajui ilitoka wapi.

Sasa ona. Angeniuliza swali moja tu: "Kama macho iko torshi, ju ya nini kurani ikikatika hauone kitu?" Ningejifunga mwenyewe pale pale, na nisingesahau maisha yangu yote. Swali moja! Lakini kucheka ni rahisi kuliko kuuliza. Nyuma ya miaka njo nilikuja kusoma kama Euclid na Ptolemy, batu bakubwa ba hesabu ba zamani, nabo balifikiria kitu kinatoka mu macho kinaenda kugusa vile tunaona. Ibn al-Haytham, mutu wa sayansi alizaliwa Basra, Iraki, karibu mwaka 965, njo alikuja kuvunja ile wazo muzuri: ukiangalia jua macho inauma, sasa kama ni macho inatuma, inauma ju ya nini? Basi kitu kinatoka inje kinaingia. Kwa hiyo nilikosea, ndiyo, ila nilikosea pamoja na Ptolemy, na yeye hakuna mutu alimuitaka Torshi.

Na jibu yenyewe tulikuwa nayo juu ya kichwa kila usiku. Ile wekundu unaonaka ku mawingu juu ya Nyiragongo usiku, ile volkano inatoa mwanga yake yenyewe, ju mawe imechemka mpaka inawaka. Kitabu haina yake. Kitabu inapokea ya dirisha ama ya ampule, inairudisha, njo inafika mu jicho yako. Mwezi iko vilevile, inakopa kwa jua. Mutu angenisimamisha inje usiku akanionyesha ivyo bitu mbili, basi.

Badala yake nikaanza kukariri, kwa hasira. Ile fomula ya mwanga kuingia mu mayi niliijuaka kama sala, n1 sin i ni sawa na n2 sin r, hata ungeniamsha usiku. Egzame ya Leta ya 2016, ile ya serikali ya kumaliza sekondere, ikafika, nikakariri zaidi, nikaanguka. Siku ya matokeo benzangu banamwagiwa pudre ku kichwa, bazazi banapiga kelele mu barabara, miye niko mu chumba nimefunga mulango na mama anapika bila kusema kitu, na mama yangu kunyamaza, unajua ni mambo kubwa.

Njo vile tarehe 1 mwezi wa tisa ikanikuta nimelala asubuhi. Jua ilikamatwa na mwezi ile siku, eklipse, huku kwetu ilikuwa nusu-nusu lakini ilikatwa sana. Inje majirani banapiga makelele, miye sikutoka, nilikuwa na haya. Sasa mabati yetu iko na matundu ya misumari ya zamani, na kila asubuhi jua inachora chini ku sima ya nyumba biduara-biduara, nilibizoea tangu niko mutoto. Ile siku nafungua macho naona ile biduara yote imekuwa kama mwezi changa. Yote! Nilihesabu kumi na tatu, na yote imeangalia upande moja. Nikapanda juu ya kiti kuangalia tundu, tundu iko vile iko, hata haiko ya muviringo muzuri, imepasuka kando kando. Nikarudi chini. Ile umbo haikuwa ya tundu. Ilikuwa ya jua.

Nilikaa pale ku sima karibu saa moja. Sikuchora fomula, nilichora mistari na chaki. Mwanga ya upande wa juu wa jua inapita mu tundu, inaenda moja kwa moja, inaanguka chini. Ya upande wa chini inapita mule mule, inapanda upande ingine. Binapishana mu tundu, kwa hiyo picha inageuka, juu inakuwa chini. Basi ile biduara yangu ya utoto ilikuwaka picha ya jua miaka yote, na mi nilikuwa naikanyaga nikienda kuoga. (Angalia picha ku sima tu, usiangalie jua yenyewe, hata kupitia tundu, utaharibu macho.)

Karibu na tarehe 20 ya ule mwezi, saa sita mchana, jua inasimamaka hapa Goma karibu kabisa juu ya kichwa, kwa hiyo kiduara inaanguka wima, haivutike. Nikachagua tundu ndogo kuliko yote. Kutoka tundu mpaka sima: sentimetre 260. Upana wa kiduara: 2,4, na kingo yake haiko safi, unapima mara tatu unapata bitatu tofauti kidogo. Ju mistari inapishana mu tundu, upana wa kiduara kwa umbali wake mpaka tundu ni sawa na upana wa jua kwa umbali wake. Gawanya 2,4 kwa 260, zidisha na kilometre milioni 150, ni umbali wetu na jua. Nikapata milioni 1,38. Nikafungua kitabu: upana wa jua ni karibu kilometre milioni 1,39. Na reglete (rula) ya mashule! Miye Torshi! Nililia, nasema ukweli.

Mwaka uliofuata nikapata diploma, na leo nafanyaka repetisio, masomo ya nyongeza, kwa batoto ba watu.

Sasa dada, mbinu ulitaka. Chora mustari mbele ya fomula. Kioo, chora mustari, utaona pembe ya kuingia na ya kutoka biko sawa. Kivuli, chora mustari. Mayi, kamata beseni, weka kifuniko ya chupa chini (pesa za chuma hatuna, najua bitabu banasema pesa), rudi nyuma mpaka ukingo wa beseni ukifiche, ukiisha simama pale usitikisike, mwambie mudogo wako amwage mayi polepole. Kifuniko itapanda mbele ya macho yako kama mutu anainua kichwa. Mwanga ikitoka mu mayi inapinda, ju mu mayi inatembea polepole, karibu kilometre 225 000 kwa segonde, na inje 300 000. Lakini jicho haijuake kupinda, inaamini mustari umenyooka, kwa hiyo inaweka kifuniko fasi haiko. Ndiyo maana ukiangalia kutoka juu, sentimetre 20 ya mayi inaonekana kama 15. Ukishaona ivyo, n ya mayi, 1,33 (ni 300 000 gawanya kwa 225 000), haiko tena sala, ni ile beseni.

Mambo ya mawimbi na fotoni sitakawia nayo. Young, mufizikia Muingereza, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1800 kama mwanga inafanya kama mawimbi, Einstein mu 1905 akasema inakuja pia kwa bipande-bipande, njo zile fotoni, na yote mbili iko kweli. Ku egzame banauliza ile kidogo, ila mistari banauliza sana. Chora mustari, nasema tena.

Na ninyi mulio na telefone mukononi mukingoja video iwaelezee kila kitu, angalieni ku sima yenu kwanza. Tunapenda kuwa bainjinia sisi wote, lakini mutu hataki kuchuchumaa na reglete.

Ile prof nilikutana naye kartie Birere, hapa Goma, wiki mbili zilizopita. Ananiona kwa mbali: "Torshi! Ungali unatoa mwanga?" Nikacheka, nikamusalimia na mikono mbili, ndiyo prof, shikamoo prof. Nikapanda moto (pikipiki), na mpaka nyumbani nilikuwa najibu mu roho. Niko na jibu kumi na mbili sasa, kama anasoma hapa.

Mama anataka tuzibe ile tundu, mvua inaingia. Nimeweka sufuria chini. Binti, kuja jumamosi saa sita na reglete yako, lakini mawingu ikiwa mingi tutafanya ya beseni.