Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Jicho la Mtoto Mchanga Halingojeshwi

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Mjukuu wangu ana miezi miwili na siku chache. Tumeona weupe ndani ya mboni ya jicho lake la kushoto, na muuguzi wa kituo cha afya ametuambia tumpeleke upesi kwa madaktari wa macho. Wazee hapa nyumbani wanasema ni mtoto wa jicho, kwamba huachwa ukomae kwanza ndipo ukatwe, na kwamba hakuna haja ya kukopa nauli kwa sasa kwa kuwa mtoto anaona vizuri kwa jicho la kulia. Nimsikilize nani? — Bibi, Tororo

JIBU: Shikamoo, Bibi. Msikilize muuguzi, na safari iwe wiki hii.

Sababu ya kwanza ni kwamba si kila weupe katika mboni ya mtoto ni mtoto wa jicho. Unaweza kuwa saratani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Saratani hiyo huwapata hasa watoto wadogo, huua ikiachwa, na hutibika vizuri ikigunduliwa mapema. Hapa Uganda kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara, kinajulikana kwa kuitibu. Anayeweza kutofautisha mambo haya mawili ni mtaalamu aliyelipima jicho lenyewe. Mzee hawezi kwa kutazama tu, hata awe na busara kiasi gani.

Sababu ya pili ndiyo inayojibu swali lako hasa. Mtu mzima mwenye mtoto wa jicho anaweza kukaa nao miaka kumi, akafanyiwa upasuaji, akaona tena, kwa sababu ubongo wake ulikwisha kujifunza kuona tangu utotoni. Mtoto mchanga bado hajajifunza. Anapozaliwa huona kwa ukungu, na kinachomdhihirikia zaidi ni kile kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani uso wa mama anayemnyonyesha. Katika miezi inayofuata seli za sehemu ya nyuma ya ubongo, inayoshughulikia kuona, huungana kwa wingi mno, kisha viunganisho vinavyotumika huimarika na visivyotumika hufifia. Ubongo unahitaji picha safi ili ujijenge, na unaihitaji wakati huo, si baadaye.

Jambo hili lilithibitishwa na David Hubel na Torsten Wiesel, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walifunga kope za jicho moja la paka wachanga kwa muda, kisha wakalifungua. Jicho lenyewe lilikuwa karibu zima, lakini seli za ubongo zinazoshughulikia kuona zilikuwa zimeacha kuliitikia, na karibu zote zikafuata jicho lililobaki wazi. Paka aliyekwisha kukomaa alipofungwa jicho vivyo hivyo, hakudhurika. Kazi yao ya miaka mingi juu ya ubongo na kuona iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Lililowashangaza zaidi ni hili: walipofunga macho yote mawili, seli nyingi ziliendelea kuitikia macho hayo kuliko walivyotarajia. Maana yake ni kwamba jicho halipotezi nafasi yake kwa giza tu, bali kwa kunyang'anywa na mwenzake. Ni kama kibanja kisicholimwa: jirani husogeza mpaka msimu baada ya msimu, na mwenyewe akirudi hakuti pa kupanda. Kwa hiyo, Bibi, hoja ya kwamba mtoto anaona kwa jicho la pili, ambayo inawatuliza wazee, ndiyo inayopaswa kuwatia wasiwasi. Mtoto mwenye ukungu katika jicho moja hucheka, hufuata watu kwa macho, na nyumba nzima huridhika huku jicho lenye ukungu likipoteza nafasi yake.

Mtoto wa jicho mzito wa upande mmoja madaktari hupenda kuuondoa mtoto akiwa na umri wa takriban wiki 6. Mjukuu wako amepita hapo kidogo. Hilo si la kukatisha tamaa, ila ni la kuongeza mwendo. Jueni pia kwamba upasuaji ni mwanzo tu. Baada ya lenzi ya jicho iliyoingia ukungu kutolewa, mtoto atahitaji miwani au lenzi ya kuvaa juu ya jicho, na jicho zuri litazibwa kwa saa kadhaa kila siku, kwa miaka, ili lile jingine lifanye kazi. Familia nyingi huchokea hapo, kwa kuwa mtoto hulia na majirani hushangaa. Msichoke. Wala msitie maziwa au majimaji ya majani katika jicho hilo.

SWALI: Nina mwanafunzi wa miaka tisa mwenye makengeza, na jicho moja halioni vizuri hata akivaa miwani. Wazazi wameambiwa kwamba baada ya miaka saba hakuna tiba. Ni kweli? — Mwalimu, Arua

JIBU: Si kweli kabisa, Mwalimu, ingawa ni kweli kwamba tiba hufaulu zaidi kabla ya miaka saba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa baadhi ya watoto wa miaka 7 hadi 12 hupata nafuu kwa miwani pamoja na kuziba jicho zuri. Huko India, mradi wa Profesa Pawan Sinha umewahudumia watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho wakafanyiwa upasuaji wakiwa wakubwa. Katika matokeo ya mwaka 2011, watoto watano kati yao hawakuweza mwanzoni kutambua kwa macho umbo walilokwisha kulishika kwa mikono, lakini baada ya siku chache baadhi yao walianza kuweza. Uoni mkali kama wa wengine kwa kawaida hawaupati, lakini wanachopata kinawafaa.

Wazazi wampeleke apimwe upya. Akiagizwa kuziba jicho, afanye hivyo nyumbani wakati wa kusoma, maana darasani atachekwa na ataacha.

SWALI: Je, ninunue kadi zenye michoro myeusi na myeupe ili ubongo wa mwanangu ukue? — Baba, Jinja

JIBU: Hapana, Baba. Mtoto mwenye macho mazima hupata vya kutosha kwa nyuso za watu na nguo zinazopepea kwenye kamba. Ukitaka kumsaidia, mchunguze: macho yakiendelea kupishana baada ya miezi minne, au picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga ikionyesha mboni moja nyekundu na nyingine nyeupe, mpeleke hospitali yenye daktari wa macho.