Diwani katuita wezi kwenye mkutano wa hadhara, tujibu vipi?

SWALI: Habari za kazi mkuu. Mimi ni meneja wa minigridi ya sola, yaani mtambo mdogo wa umeme wa jua unaohudumia kijiji bila gridi ya taifa, kijiji kimoja mwambao wa Ziwa Tanganyika huku Uvinza, Kigoma. Wateja tunao, nyumba za watu, mashine ya kusaga, saluni, mafriza ya samaki. Wiki iliyopita diwani kasimama kwenye mkutano wa hadhara akasema sisi ni wezi, TANESCO wanauza yuniti shilingi 100 sisi tunawakamua wananchi, af akaongeza kwamba sisi ndo tunazuia gridi isifike. Klipu imezunguka magrupu yote ya WhatsApp, kuna watu wamegoma kununua umeme na fundi wetu kazomewa sokoni. Bosi yuko Dar, anataka tumpeleke diwani mahakamani na tutoe tamko kali redioni. Mi naona tutaharibu zaidi. Tuanzie wapi? Na je, tumtafute mbunge atutetee?

JIBU: Pole sana kaka, na uko sahihi, mwambie bosi atulie. Tamko kali lisitoke na wakili asiandike barua yoyote kwanza. Najua kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kusambaza taarifa za uongo ni kosa, ila jiulize siku diwani akipokea hiyo barua ya wakili ataipeleka wapi. Ataipeleka mkutanoni, ataishika juu aseme "mnaona, wananishtaki kwa sababu nawatetea nyie", hapo umeshampa kampeni ya bure na sio ya kata moja tena.

Alafu kaa chini usikilize ile klipu bila hasira, uipasue vipande. Yuniti kwa shilingi 100 ni kweli, ndo bei ya TANESCO kwa mteja mdogo wa nyumbani asiyevuka yuniti 75 kwa mwezi. Kuzuia gridi ni uongo. Wezi ni tusi. Sasa watu wa kampuni huwa wanakimbilia kujibu tusi kwa sababu ndo linauma, wakati lililowafanya watu wagome ni ile shilingi 100, na hiyo huwezi kuikanusha. Hata diwani hakuitunga, mwaka 2020 serikali yenyewe ilielekeza minigridi za watu binafsi zishuke kwenye 100, kwa hiyo kichwani mwa mwananchi hilo ni jambo lililoshasemwa na wakubwa. Usipokuwa na jibu la bei linaloeleweka na mama anayeanika dagaa, hayo mengine yote ni kelele tu.

Kabla ya jibu, karatasi. Bei yenu ilipitaje EWURA, wale wadhibiti wa bei za nishati na maji? Kama mna barua au nyaraka yoyote inayoonyesha bei ilivyokubaliwa, toa kopi, bandika ofisi ya kijiji na pale kwenye mashine ya kusaga. Kama hamna, basi ndugu yangu hapo hamna tatizo la mawasiliano, mna tatizo la karatasi, na hakuna maneno mazuri ya kampuni duniani yanayoziba hilo, nendeni mkalitatue kwanza tena haraka.

Jibu la bei lenyewe, usiende na magrafu. Sisi watu wa Kigoma tuna mfano wetu. Miaka na miaka mji huu uliendeshwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO kabla ya gridi ya taifa kuanza kuingia, na gharama ya kuzalisha ile yuniti ya dizeli ilikuwa kubwa kuliko bei tuliyokuwa tunalipa, ila hatukuiona maana bei ni moja nchi nzima na ile tofauti ilibebwa na wateja wengine wa shirika huko kwingine. TANESCO ana mabwawa, ana Julius Nyerere la megawati 2,115, ana viwanda vinavyonunua umeme kwa wingi, kwa hiyo anaweza kumuuzia mtu wa kijijini kwa 100. Nyie mna paneli zenu na betri zilizokuja kwa boti, na wa kuzilipia ni kijiji kimoja. Hivyo ndivyo ilivyo, na ukisema hivyo kwa lugha ya kawaida watu wanaelewa, hawatafurahi lakini wataelewa. Usidanganye kwamba bei yenu ni ndogo. Bei yenu ni kubwa, sema ni kubwa, af onyesha pesa inaenda wapi.

Tena fanya hesabu mbele yao. Mwite mtu mmoja aliyekubali mwenyewe, achukue simu yake asome meseji za luku za mwezi uliopita, kanunua za shilingi ngapi, kapata yuniti ngapi, kawasha nini. Andika kwenye flipchati kubwa wote waone. Muulize kabla hamjaja alikuwa anatumia nini kwenye mafuta ya taa, betri za tochi na kuchajisha simu kwa jirani. Usimfundishe la kusema. Akisema zamani alikuwa analipa kidogo, andika vilevile, ile klipu ya wewe kuandika jibu lisilokufurahisha itakusaidia kuliko matangazo yote ya bosi wako.

Meseji ya kwanza itoke leo leo, fupi, jina lako chini. Mi ningeandika hivi:

"Ndugu wateja, umeme upo na utaendelea kuwepo. Malalamiko ya bei tumeyasikia. Jumatano saa kumi jioni tutakuwa ofisi ya kijiji na vitabu vyetu vya mapato na matumizi, njoo na meseji zako za luku tuzipitie pamoja. Gridi ya taifa ikija hatuna uwezo wala sababu ya kuizuia. Ukipata hitilafu piga namba ileile ya siku zote."

Umeona diwani hayumo, na neno wizi halimo. Ukiandika "sisi sio wezi" anayesoma anabaki na wezi, na wale ambao klipu haijawafikia umewafikishia wewe. Siku ya mkutano pitia kwa mwenyekiti na mtendaji, wao ndo waite watu, usiite wewe. Na msemaji uwe wewe. Sio bosi. Akishuka mtu kutoka Dar na kamera yake na shati limepigwa pasi, ile habari ya kukamuliwa imejithibitisha yenyewe, wewe unaishi hapo, unanunua migebuka kwao, unasalimia kwa Kiha, bosi atume vitabu tu.

Kwenye swala la gridi usiishie kukanusha. Waambie kanuni za miradi midogo ya umeme hapa nchini zimeshaweka njia, gridi ikifika mwenye minigridi anaweza kuiuzia TANESCO umeme, au kununua kwao kwa jumla akasambaza, au yakaongelewa mambo ya fidia. Kwa hiyo gridi kuja sio kifo chenu. Ila tarehe ya gridi usiitaje hata wakubane vipi, hiyo ni ya TANESCO na REA, wakala wa umeme vijijini, siku isipotimia deni litakuwa lako.

Jambo ambalo wengi wanalisahau, wiki hii umeme usikatike. Nasema kweli. Kama kuna matengenezo mlipanga, sogeza mbele, na kama hayasogezeki tangaza mapema na saa yake. Giza la bahati mbaya usiku mmoja litasomeka kama adhabu, na friza la mtu likiharibika samaki hapo hakuna wa kukusikiliza tena. Usimkatie mtu yeyote hata mwenye deni la zamani. Yule fundi asipande nguzo peke yake na asibishane sokoni, mpe sentensi moja, "njooni Jumatano ofisi ya kijiji", basi. Kama kuna tishio la kweli kwa watu au kwa chumba cha betri, ripoti kwa mtendaji na polisi kimyakimya, usilipeleke kwenye grupu.

Sasa diwani. Mfuateni kabla ya Jumatano, wewe na mwenyekiti, ofisi ya kata au nyumbani kwake, mezani weka vitabu vilevile. Muulize nini kimemfikisha pale. Mara nyingi utakuta bei ilibadilika yeye akaisikia kijiweni kama watu wengine, na wapiga kura wakamuuliza akakosa la kusema, mwanasiasa aliyeaibishwa hivyo lazima atafute wa kumtupia. Kama kuna nafuu mnayoweza kutoa kweli, labda bei ya chini mchana jua likiwa kali kwa wenye mafriza na mashine, mwache aitangaze yeye, hamna hasara yoyote hapo. Ila bahasha hapana, mafuta ya gari lake hapana, fulana hapana. Hiyo ni kesi ya TAKUKURU na siku mkigombana ataitaja yeye mwenyewe.

Mbunge, usimtafute. Akiwatetea mnakuwa kampuni ya mbunge, na wanaoitaka hiyo nafasi yake wapo, tena wengine wako chama hichohicho, mtarithi maadui msiowajua. Andika barua moja ya taarifa, maneno yaleyale kwa kila mtu, mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, EWURA, na mbunge nae apate kopi kama wengine. Unawajulisha, huombi kutetewa.

Redio iache mpaka mkutano upite, sa hivi ukienda utaulizwa kuhusu diwani tu. Na usipime hali kwa magrupu, yale yatachemka tu hata mambo yakiwa sawa. Fungua sistimu kila jioni uangalie wangapi wamenunua luku, ukiona waliogoma wanarudi baada ya mkutano, mpigie bosi umwambie na hiyo redio haina haja.